Kifaru chepesi cha Kijapani Ha-Go (Aina ya 95): kwa nini kilitamba Malaya 1942 halafu kikateketea Saipan na Peleliu 1944?

Mdadisi_wa_Vyuma:

Habari za humu wakuu. Naomba wajuzi wa zana za kivita mnifafanulie kuhusu kifaru chepesi cha Japani, Aina ya 95, ambacho wengi wanakiita Ha-Go. Ukisoma habari za Malaya kuanzia Desemba 1941 unakuta vifaru vya Kijapani vinawatimua Waingereza barabara kwa barabara hadi Singapore. Ukigeukia Saipan na Peleliu, visiwa vya Pasifiki walikopambana na Wamarekani 1944, vifaru vya aina ile ile vinaisha ndani ya mapigano mamoja. Kifaru ni kile kile, sasa kilichogeuka ni nini?

Nahitaji maelezo ya kifundi: deraya (bamba la chuma la kinga), injini, mzinga, watu waliomo ndani na kazi ya kila mmoja. Pia nataka kujua kasoro yake kubwa ilikuwa ipi. Wengine wanataja deraya nyembamba, wengine wanasema ni ile tareti ya mtu mmoja. Na kama kilikuwa dhaifu hivyo, kwa nini Wajapani waliendelea kukitengeneza hadi 1943?

---

Fundi_Deraya:

Mkuu, anza na namba moja: milimita 12. Huo ndio unene wa deraya yake nene kuliko zote, mbele na ubavuni na kwenye tareti (kile kichwa kinachozunguka chenye mzinga). Juu na chini inapungua zaidi ya hapo. Bamba la milimita 12 linazuia risasi za kawaida za bunduki na bombomu, na vipande vya makombora. Halikuwekwa pale kuzuia mzinga wa aina yoyote, na waliolichora walilijua hilo tangu mwanzo.

Ili uone kwa nini walikubali hivyo, rudi Manchuria (kaskazini-mashariki mwa China, iliyokuwa mikononi mwa Wajapani) 1933. Jeshi la Japani lilikuwa na kifaru Aina ya 89 kinachokwenda kilomita 25 kwa saa. Walipoanza kuwapakia askari wa miguu kwenye malori, vifaru vikawa vinaachwa nyuma. Wakataka kifaru kinachokimbia kilomita 40 kwa saa, chenye mzinga, na uzito wa tani 7 au pungufu kidogo. Mitsubishi ikakamilisha cha majaribio Juni 1934, kikatoka kizito kuliko ilivyotakiwa, wakakipunguza uzito, wakakijaribu tena. Wapanda farasi wakakipenda sana, kwa sababu walichokuwa nacho kabla ya hapo kilikuwa na bombomu tu. Askari wa miguu wakalalamika kwamba deraya haitoshi. Hoja ya kasi ikashinda. Kilipokelewa 1935, utengenezaji ukaanza 1936, na cha mwisho kwenye mizani kilikuwa tani 7.4, urefu mita 4.38, upana karibu mita 2.06.

Uzito huo ulikuwa na faida ambayo watu huipita haraka. Japani ni visiwa. Kila kifaru lazima kipande meli, kishuke kwa kreni, kiingie kwenye boti ya kutelemshia. Boti yao ya Daihatsu, yenye mlango wa mbele unaolala ufukweni, ilibeba Ha-Go kimoja. Kifaru cha tani 15 hakiingii humo. Na madaraja ya mbao ya Asia ya Kusini-Mashariki yaliyovunjika chini ya vifaru vizito yalipitisha tani 7.

Injini. Mitsubishi ya dizeli, silinda 6, lita 14.4, inayopozwa kwa hewa, nguvu za farasi 120 kwa mizunguko 1,800 kwa dakika. Gawanya kwa uzito: zaidi ya nguvu za farasi 16 kwa kila tani, ndiyo maana kilifika kilomita 40 kwa saa barabarani bila taabu. Kupozwa kwa hewa kulichaguliwa kwa ajili ya baridi ya Manchuria, ambako maji ya rejeta yangeganda na kupasua bloku. Dizeli nayo haiwaki kwa urahisi kama petroli, na ilipunguza mzigo kwenye petroli ambayo ndege na magari mengine yaliihitaji. Gharama yake ni ukubwa: lita 14.4 kwa nguvu 120 ni injini kubwa kwa kazi yake, na inakula nafasi ambayo ingekuwa ya watu na makombora. Inakaa nyuma; giaboksi (gia 4 za mbele, 1 ya nyuma) na difu viko mbele, kwa hiyo shafti inapita katikati ya chumba cha watu. Gurudumu la meno linalovuta mnyororo liko mbele. Kati ya injini na chumba cha mapigano kulikuwa na mlango mdogo, fundi akaweza kugusa injini bila kutoka nje. Kelele na joto navyo vilipitia huko huko.

Springi. Hapa kuna kazi nzuri ya Hara Tomio, afisa mhandisi wa jeshi. Kila upande una magurudumu manne ya mpira, yamefungwa mawili mawili. Kila jozi imeshikwa na mkono uliopinda. Gurudumu likipanda, mkono unasukuma springi ndefu iliyolala ndani ya bomba nje ya kiwiliwili. Faida: springi haichukui nafasi ndani, ina vipande vichache, na ikivunjika unaibadilisha ukiwa nje. Hasara: haina kizuia mtikisiko, hivyo kwenye ardhi ya mawimbi kifaru kinainama na kuinuka, kinainama na kuinuka, na mpigaji hawezi kulenga akiwa anakwenda. Sasa tazama jambo hili: kwenye mashamba ya mtama ya Manchuria, nafasi kati ya gurudumu na gurudumu iliangukia sawasawa na nafasi ya matuta. Magurudumu yakawa yanazama kwenye mifereji yote kwa pamoja, na kifaru kinarukaruka vibaya. Wakatengeneza toleo lenye kigurudumu kidogo cha ziada kati ya yale mawili ya kila jozi ili kuziba nafasi hiyo. Ukiona picha yenye vigurudumu hivyo, unatazama kifaru kilichopangiwa Manchuria.

Watu. Watatu. Dereva mbele kulia. Kushoto kwake mpigaji wa bombomu la mbele, ambaye pia ndiye fundi. Juu kwenye tareti, peke yake, kamanda. Ndani waliweka pedi za asbesto, zimeachwa na nafasi kidogo kutoka kwenye bamba, ili joto la jua lisipite moja kwa moja na vichwa visigonge chuma. Kwenye deraya ya milimita 12 jua la tropiki linaingia ndani upesi, kwa hiyo pedi hizo hazikuwa anasa.

Tareti. Hapa ndipo swali lako la kasoro kubwa linapojibiwa, kwa maoni yangu. Mfuate kamanda akiona lengo. Anachungulia kwenye tundu jembamba au anatoa kichwa nje. Anamwambia dereva asimame au apinde. Anaizungusha tareti kwa mkono, hakuna umeme. Anaacha kutazama nje, anachukua kombora ubavuni, anafungua kitasa cha mzinga, anapakia. Anaweka bega kwenye kiegemeo, maana mzinga unainuliwa na kushushwa kwa bega, na unaweza kusogezwa kidogo kushoto na kulia bila kuzungusha tareti. Analenga, anapiga. Kisha anatazama kombora limeangukia wapi na kuanza tena. Kama adui wa miguu anamkaribia, ana bombomu la pili, lakini limefungwa nyuma ya tareti, upande wa kulia. Halilingani na mzinga. Ili alitumie lazima auache mzinga, ageuke, na kuizungusha tareti hadi mgongo wake umwelekee adui. Mtu huyo huyo, akiwa kiongozi wa platuni, anatakiwa aongoze vifaru vingine viwili au vitatu, na vingi vya hivyo havina redio: ni bendera na kufuata cha mbele.

Ongeza milimita 12 zingine za deraya na tatizo hilo linabaki pale pale.

Mzinga. Vya mwanzo vilikuwa na mzinga wa milimita 37 Aina ya 94, wa kifaru. Usiuchanganye na mzinga wa askari wa miguu wa kupiga vifaru, nao milimita 37, nao Aina ya 94. Ganda la baruti la ule wa kifaru ni fupi zaidi, makombora hayabadilishani, na nguvu ya kutoboa ni ndogo. Baadaye ukaja Aina ya 98 wenye kasi kubwa zaidi mdomoni. Mabombomu yalikuwa ya milimita 6.5, kisha yakabadilishwa na ya 7.7. Shehena: makombora 119 ya mzinga na risasi karibu 3,000 za bombomu. Kwa tani 7.4 hiyo ni shehena nzuri sana, na inaonyesha walikusudia kazi gani: kusaidia askari wa miguu kupiga viota vya bombomu siku nzima.

Kuhusu namba: Wajapani walihesabu kwa mwaka wa kifalme. 95 ni 2595, yaani 1935. Kwa hesabu hiyo Aina ya 89 ni 1929, na Aina ya 97 ni 1937.

---

Kombania_ya_Pili:

Fundi amemaliza upande wa chuma, mimi niingie kwenye matumizi.

Kwanza niweke sawa jambo la Malaya. Shambulio maarufu la Slim River, 7 Januari 1942, vifaru vya Meja Shimada vilipopenya usiku na kwenda karibu kilomita 30 nyuma ya mistari ya Divisheni ya 11 ya India, lilifanywa hasa na Aina ya 97, vile vya tani 15. Ha-Go vilikuwepo vichache. Kazi ya Ha-Go Malaya ilikuwa pana zaidi ya siku ile moja: kukimbia mbele ya baiskeli na malori, kugonga kizuizi cha barabarani kabla hakijakamilika, kuvuka daraja kabla halijalipuliwa. Waingereza hawakuwa na kifaru hata kimoja Malaya wakati huo, na wengi wa askari wao wapya kutoka India hawakuwahi kukiona kifaru. Pande zote mbili za barabara ni mpira na msitu, huwezi kukizunguka, huwezi kukiona mpaka kimefika. Hapo milimita 12 zinatosha, kwa sababu aliye mbele yako ana bunduki.

Ushahidi kwamba kifaru hakikuwa na ajabu yoyote uko Malaya hiyo hiyo, siku 11 baada ya Slim River. Tarehe 18 Januari 1942, karibu na Bakri, barabara ya Muar, safu ya Ha-Go tisa ilikuja barabarani bila askari wa miguu wa kutosha kuitangulia. Waaustralia walikuwa wameficha mizinga miwili ya kupiga vifaru ya milimita 40. Vyote tisa viliharibiwa hapo hapo. Baadhi ya makombora ya kutoboa yaliingia upande mmoja wa kifaru na kutokea upande wa pili. Barabara ile, adui yule, mwezi ule. Tofauti ni mizinga miwili iliyofichwa vizuri na watu waliongoja vifaru vikaribie.

Sasa rudi nyuma kidogo, Nomonhan 1939, mpakani mwa Manchuria na Mongolia, Wajapani walikopigana na Wasovieti, maana ndiko onyo lilikotokea kwanza. Rejimenti ya 4 ya vifaru chini ya Kanali Tamada ilikuwa na Ha-Go 35. Usiku wa 2 kuamkia 3 Julai ilishambulia katikati ya radi na mvua, ikaingia kwenye ngome za Wasovieti na kurudi bila hasara kubwa. Mchana mambo yalikuwa mengine. Wasovieti walikuwa na mzinga wa milimita 45 kwenye vifaru vyao vya BT na T-26 na hata kwenye magari ya deraya. Uwanda hauna kichaka. Kombora la 45 linatoboa milimita 12 kutoka zaidi ya kilomita moja. Ha-Go inabidi ijisogeze karibu sana ndipo mzinga wake ufanye kitu. Kanali Yoshimaru wa Rejimenti ya 3 aliuawa siku hiyo ndani ya kifaru chake. Baada ya siku chache vifaru vyote vikaondolewa uwanjani, kwa kuwa Japani haikuwa na vingine vya kuvijazia.

Ufilipino, 22 Desemba 1941, karibu na Damortis, Ha-Go za Rejimenti ya 4 zilikutana na M3 Stuart tano za Wamarekani. Hilo ndilo pambano la kwanza la kifaru kwa kifaru la Wamarekani katika vita ile. Stuart ina tani zaidi ya 12, deraya ya mbele milimita 38 na zaidi, mzinga mkali kuliko wa Ha-Go. Kwa namba Stuart inashinda kila safu ya jedwali. Lakini Ha-Go ndizo zilizoshika uwanja siku hiyo: Stuart ya mbele iliharibiwa na kutekwa, na kombora lililopita kwenye tundu la bombomu la mbele likamuua askari mmoja. Waliokuwa wamejipanga wakingoja waliwazidi waliokuja barabarani.

Mfano wa Milne Bay, Papua, ndio ninaouona unafundisha kuliko yote. Mwisho wa Agosti 1942 kikosi cha wanamaji wa Kijapani kilishusha Ha-Go mbili tu. Usiku wa 27 Agosti zikaingia katikati ya batalioni ya Waaustralia pale KB Mission, taa zimewashwa kali, zikimulika mahandaki huku askari wa Kijapani wakipiga kwa msaada wa ule mwanga. Waaustralia hawakuwa na mzinga wa kupiga vifaru mahali pale. Walikuwa na mabomu ya kunata, ya kubandika kwenye bamba. Unyevu na ukungu ulikuwa umeyaharibu, yakakataa kunata au kulipuka. Batalioni nzima ikarudi nyuma mbele ya vifaru viwili vya tani 7. Baada ya hapo zikakwama kwenye tope la Rabi na kuachwa. Mnyororo wa Ha-Go una upana wa sentimita 25 hivi, na mgandamizo wa karibu kilo 0.6 kwa kila sentimita ya mraba ya ardhi. Kwenye tope la mvua za Papua hiyo ni nyingi, na hapakuwa na kifaru kingine cha kuzivuta.

Kuanzia 1943 picha inageuka kabisa. Kisiwa cha Tarawa, Novemba 1943, Ha-Go za wanamaji zilifukiwa mchangani zikatumika kama mizinga isiyosogea. Mzinga wa milimita 37 ulifanikiwa kuharibu mtutu wa kifaru kimoja cha Kimarekani cha Sherman, na hilo ndilo kubwa lililopatikana. Saipan, alfajiri ya 17 Juni 1944, Rejimenti ya 9 ya Kanali Goto ilishambulia na vifaru 40 na kitu, Aina ya 97 na 95 pamoja. Askari walipanda juu ya vifaru. Meli zikafyatua makombora ya mwanga juu yao, na kilichobaki kilikuwa kazi ya bazuka, mizinga ya milimita 37 na magari yenye mizinga ya 75. Kulipokucha, rejimenti ilikuwa imekwisha kama nguvu ya kivita.

Peleliu, 15 Septemba 1944, alasiri, Ha-Go kama 15 zilikimbia kukatisha uwanja wa ndege kwa kasi yao yote. Askari wa miguu waliokuwa wakizifuata wakaachwa nyuma. Ndipo Sherman zikaona jambo la ajabu: kombora la kutoboa la milimita 75 linapita kifaru kizima bila kulipuka, na kifaru kinaendelea kukimbia. Wapigaji wakabadilisha wakaweka makombora ya mlipuko, na hayo yakazivunja vipande. Deraya ilikuwa nyembamba kiasi kwamba kombora la kutoboa halikupata kitu cha kulizuia.

---

Nahodha_Mstaafu:

Kwa heshima zote, naona mnakipamba. Hiki kilikuwa kifaru kibovu. Bombomu la Kimarekani la inchi nusu lilikitoboa ubavuni kutoka karibu. Kifaru kinachotobolewa na bombomu kinaitwaje kifaru? Na bado wakatengeneza zaidi ya 2,000.

---

Fundi_Deraya:

Nahodha, ni kweli kuhusu inchi nusu. Kwa umbali mdogo risasi yake ya kutoboa inapita milimita 12. Nakuongezea nyingine: risasi na vipande vilivyopiga pale tareti inapokutana na kiwiliwili viliweza kuikwamisha isizunguke, na matundu ya kuchungulia yaliruhusu cheche za risasi kuingia ndani. Pia kina maeneo makubwa karibu nacho ambayo hakuna aliye ndani anayeyaona, kwa hiyo askari mwenye bomu akishafika mita chache kutoka ubavuni yuko salama kuliko alipokuwa mbali.

Lakini kipime na wenzake wa 1935. Panzer II ya Ujerumani: milimita 14.5 mbele, mzinga wa 20. Vifaru vyepesi vya Uingereza vya Vickers: milimita 14, bombomu tu, hakuna mzinga. T-26 ya Wasovieti: milimita 15, ila na mzinga wa 45, na hapo ndipo Ha-Go inapozidiwa kweli. Ukiipanga kwenye safu hiyo haionekani ngeni. Ina dizeli wakati karibu wote wana petroli, na ina mzinga wakati wengine wana bombomu.

Kosa halikufanyika 1935. Angalia utengenezaji: kuanzia 1936 hadi mwisho wa 1939 hazifiki 300. Robo tatu hivi ya zote, kati ya karibu 2,300, zilitoka 1940 hadi 1942. Yaani walizitengeneza kwa wingi wakati ambapo Nomonhan ilikuwa imeshawaonyesha kila kitu. Na hata hapo kuna sababu, sitaki kuzipuuza. Viwanda vilikuwa na vipimo na zana za Ha-Go tayari. China, ambako jeshi kubwa lilikuwa, mizinga ya kupiga vifaru ilikuwa michache, na kifaru kilifanya kazi yake. Chuma na mafundi vilikwenda kwanza kwenye meli na ndege, kwa sababu vita ya Pasifiki ilikuwa ya bahari na anga. Mrithi alikuwepo, Aina ya 98 Ke-Ni: deraya milimita 16, tareti ya watu wawili, mzinga bora. Kasoro zote mbili kubwa za Ha-Go ziliguswa mle. Wakatengeneza kama 100 tu, basi.

Majaribio ya kuiongezea nguvu Ha-Go yenyewe yaligonga ukuta wa nafasi. Walipoweka mzinga wa milimita 57 kwenye tareti yake (Aina ya 3 Ke-Ri) hapakuwa na nafasi ya mtu kufanya kazi. Walipoichukua tareti nzima ya Aina ya 97 na kuiweka juu ya kiwiliwili cha Ha-Go (Aina ya 4 Ke-Nu), watu wakaenea, lakini uzito ukaongezeka juu ya injini na springi zile zile, na deraya ya chini ikabaki milimita 12. Kilichofaulu kweli kutokana na mashine za Ha-Go ni kifaru cha majini cha wanamaji, Aina ya 2 Ka-Mi, chenye maboya ya mbele na nyuma yanayoachwa kikifika nchi kavu.

---

Mdadisi_wa_Vyuma:

Ahsanteni sana wakuu, mmenifungua. Nina mawili ya kumalizia. Askari wa Afrika Mashariki, wale wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza), walipigana Burma 1944. Je, kulikuwa na Ha-Go upande ule, na askari wa miguu angeweza kukifanya nini? La pili: kwenye picha za zamani nitakitambuaje bila kukichanganya na vifaru vingine vya Kijapani?

---

Kombania_ya_Pili:

Burma vilikuwepo tangu mwanzo. Machi 1942, karibu na Pegu, Stuart za Waingereza (rejimenti ya Hussars wa 7) ziliharibu Ha-Go kadhaa. Hapo namba za jedwali zilifanya kazi, kwa sababu Stuart zilikuwa na nafasi ya kupiga kutoka mbali.

Mwaka 1944 Rejimenti ya 14 ya vifaru ya Japani ilikwenda Imphal kupitia Bonde la Kabaw na Tamu. Tarehe 20 Machi 1944, Ha-Go sita zilivizia vifaru vya Kimarekani aina ya Lee vya rejimenti ya Kiingereza ya Carabiniers wa 3 njiani katika eneo hilo. Lee ina mzinga wa 75 kiwiliwilini, wa 37 kwenye tareti, deraya ya mbele milimita 51. Ha-Go karibu zote ziliharibiwa na moja ikatekwa ikiwa nzima. Njia hiyo hiyo ya Tamu na Bonde la Kabaw ndiyo waliyoiteremka askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki kuanzia Agosti 1944, wakiwafukuza Wajapani katika mvua na malaria hadi Kalemyo, kisha Kalewa kwenye mto Chindwin mwanzoni mwa Desemba. Kufikia wakati huo Rejimenti ya 14 ilikuwa imeshapoteza karibu nguvu yake yote kule Imphal. Adui wa askari wetu kwenye bonde lile alikuwa hasa bombomu, mizinga midogo, tope na homa.

Askari wa miguu angefanya nini? Bunduki ya Boys, ya milimita 13.9, inatoboa milimita 20 na zaidi ikipiga bamba lililosimama wima kutoka mita 90 hivi. Kwa vifaru vya Ulaya vya 1942 hiyo ilikuwa haifai tena. Kwa Ha-Go inafaa. Lakini risasi ni ndogo, ikiingia inapita tu, kwa hiyo unalenga mahali penye mtu: mbele kulia yuko dereva (kulia kwake, yaani kushoto kwako ukimkabili), au katikati ya tareti aliko kamanda. PIAT, silaha ya Waingereza ya kurushia bomu la kupiga vifaru, inakimaliza popote inapopiga. Pasipo silaha hizo, gogo kubwa barabarani kwenye kona, kiwashe moto au kilipuliwe mnyororo, kisha watenge askari wa miguu wanaokisindikiza. Kamanda akiwa amejifungia ndani peke yake na kazi nne mikononi, msindikizaji ndiye macho yake.

---

Fundi_Deraya:

Kuhusu kutambua: hesabu magurudumu ya chini. Manne kila upande, mawili mawili, na vigurudumu viwili vya juu vinavyobeba mnyororo, hiyo ni Ha-Go. Aina ya 97 Chi-Ha ina sita chini na vitatu juu, mwili mrefu zaidi, na mara nyingi ina bomba la antena lililozunguka tareti kama reli. Ke-Ni nayo ina sita, lakini ni fupi na ndogo. Aina ya 94, kile kidogo kabisa cha watu wawili, kina bombomu tu kwenye tareti, hakina mzinga.

Kama magurudumu yamefichwa na majani, tazama tareti. Ya Ha-Go ni ndogo, imekaa upande wa kushoto wa kiwiliwili badala ya katikati, na bombomu linachomoza nyuma kulia. Ubavu wa kiwiliwili umevimba kwa nje katikati ili kuwapa watu nafasi. Bomba la moshi lenye kava la matundu liko ubavu wa kulia nyuma. Viungo vya bamba vimefungwa kwa ribiti nyingi zinazoonekana wazi, na sehemu nyingine zimechomelewa.

Vingine utaviona kwenye picha za baada ya vita na alama zisizo za Kijapani. Thailand ilinunua kama 50 na kuvitumia hadi miaka ya 1950, na pande zote mbili za vita ya wenyewe kwa wenyewe ya China zilitumia vilivyoachwa. Vya mwisho kupigana chini ya bendera ya Japani vilikuwa Shumshu, visiwa vya Kuril, 18 Agosti 1945, siku tatu baada ya tangazo la mfalme wao. Kanali Ikeda wa Rejimenti ya 11 aliongoza vifaru dhidi ya Wasovieti waliokuwa wameshuka ufukweni katika ukungu mzito. Ndani ya rejimenti hiyo Ha-Go zilikuwa 25. Wasovieti walizipiga kwa bunduki za kutoboa vifaru na mizinga michache waliyoweza kuishusha, na Ikeda akafa humo.

Ukitaka kuona kinachotembea, kuna kimoja kilichotolewa kisiwa cha Pohnpei, kikatengenezwa upya Poland, na kikarudishwa Japani mwaka 2022. Zipo video zake. Sikiliza injini inapowaka, kisha mtazame dereva anavyobadilisha gia, utaelewa ninachosema kuhusu kelele ndani ya kile chumba.